Kikao cha Milango Sita juu ya Kunguni na Barua ya Kumwondoa Mama Drocella

CHAMA CHA MAJIRANI WA MILANGO SITA, KAMEMBE, RUSIZI

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA TATU CHA MWAKA 2025

Tarehe: Jumapili, 16 Machi 2025
Mahali: Barazani kwa Mwenyekiti, mlango na. 1
Muda: Kiliitishwa saa nane mchana. Kilianza saa tisa kasorobo, kwa kuwa Mwenyekiti alikuwa bado anapiga pasi shati lake jeupe.

Waliohudhuria:
Rutayisire, mlango na. 1, Mwenyekiti
Umuhire Bella, mlango na. 2, fundi cherehani, Katibu
Mzee Twahiru, mlango na. 3, seremala, mjumbe
Mukabera, mlango na. 6, Makamu Mwenyekiti

Aliyealikwa: Niyonshuti, mshauri wa afya wa mtaa
Asiyehudhuria kwa udhuru: Harelimana, mlango na. 5 (macho, tazama KUMB. NA. 3)
Aliyeitwa kujieleza: Drocella, mlango na. 4 (amekaa nje ya baraza, kwenye ndoo yake)

KUMB. NA. 1/03/2025: KUFUNGUA KIKAO

Mama Mukabera aliomba sala kwa niaba ya Wakristo. Ilikuwa ndefu na iligusa hata wadudu. Mzee Twahiru aliomba dua fupi. Kisha chai iliandaliwa na kikombe kimoja kikawekwa mbele ya Mzee Twahiru, ambaye amefunga Ramadhani. Mwenyekiti aliomba radhi. Mzee Twahiru alijibu kwamba hakukasirika, ila aliomba kikombe kisogezwe mbali kwa sababu chai ilikuwa na tangawizi.

Wajumbe walikaa kwenye mabenchi mawili ya chama, yenye mito sita ya kitenge. Drocella hakukaribishwa kwenye mito hiyo, kwa mujibu wa azimio la kikao kilichopita kwamba asije akaipaka wadudu wake.

Mwenyekiti alieleza kwamba ajenda kubwa ilikuwa moja: kunguni wanaosumbua safu hii ya nyumba tangu Januari, na barua ya kumwondoa Drocella katika mlango na. 4. Alikumbusha kwamba mwenye nyumba, Bwana Muhigirwa, anaishi Kigali, na ameliacha suala la nani anafaa kukaa hapa mikononi mwa chama. Chama kikiandika, yeye hutekeleza bila kuuliza. Barua ilitakiwa kumfikia kesho, Jumatatu.

KUMB. NA. 2/03/2025: KUSOMA NA KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA TAREHE 23 FEBRUARI

Katibu alisoma. Ilipofikiwa sentensi isemayo "Imethibitika kwamba kunguni waliletwa na magunia ambayo Drocella anavuka nayo daraja la Rusizi II akitoka kuuza nyanya Bukavu", Drocella alinyoosha mkono kutoka kwenye ndoo na kuuliza:

"Imesibitika na nani? Hakuna muntu hata moya aliingia mu nyumba yangu kuangalia."

Mwenyekiti alijibu kwamba kumbukumbu huthibitishwa, hazigombewi. Mama Mukabera alipendekeza zithibitishwe. Mzee Twahiru aliunga mkono kwa sauti ndogo sana.

Katibu anaandika hapa, kwa kuwa kalamu ni yake, kwamba sentensi ile aliitunga Mwenyekiti, akaiandika Katibu, na wakati ule Katibu aliiona imekaa vizuri.

KUMB. NA. 3/03/2025: HALI YA NDUGU HARELIMANA

Kwa ajili ya kumbukumbu: Jumatatu iliyopita Harelimana alipuliza chumbani kwake dawa ya kahawa, ile ya kuulia wadudu shambani, aliyopewa na kaka yake wa Giheke. Alifunga mlango na madirisha, akakaa ndani, ili aone kunguni wanavyokufa. Mke wake alikuwa sokoni, Mungu asifiwe. Alipotolewa alikuwa anatapika na macho yamevimba, na kwa siku mbili hakuona kitu.

Niyonshuti, aliyemtembelea hospitalini jana, alitoa taarifa kwamba macho yamefunguka, daktari amempima na anaona vizuri, na kesho anarudi nyumbani. Wajumbe walipiga makofi. Mama Mukabera alilia waziwazi, na Mwenyekiti akasema amen mara tatu. Mzigo ulitushuka sote, maana kwa siku hizo hakuna aliyelala vizuri tukifikiri tumepata kipofu. Niyonshuti aliongeza kwamba swali la kwanza la mgonjwa lilikuwa kama kunguni walikufa. Aliambiwa hapana.

Niyonshuti alionya kwamba dawa ya shamba isiingizwe chumbani, hata kidogo, hata kwa kupunguzwa na maji. Maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema: "Ile dawa inatafuta mududu, lakini inapita kwanza ku muntu."

KUMB. NA. 4/03/2025: BARUA YA KUMWONDOA DROCELLA

Mwenyekiti alisimama na kuisoma barua yote kwa sauti. Iliandikwa na Katibu kwa mwandiko wake bora. Ilikuwa imebaki sahihi ya Mwenyekiti tu.

Drocella alipewa nafasi ya kujieleza. Alieleza kwamba magunia yake huyakung'uta darajani na huyafua kila Jumatano, na kwamba majirani wote wanayaona kwenye kamba. Alieleza kwamba tangu afiwe na mume anaishi kwa nyanya na vitunguu anavyovusha alfajiri. Akitolewa hapa hana pa kwenda ila kwa mama mkwe wake kule Nyakarenzo, na kutoka kule hawezi kulifikia daraja mapema, na watoto wake watatu wataacha shule katikati ya muhula. Mwisho alisema:

"Mimi sikatali. Kunguni iko mu nyumba yangu. Lakini mu hii milango yote ni mimi tu nilisema iko. Nilisema kweli, njo maana munanifukuza?"

Mwenyekiti alikaa, akaegemea mto, akaomba kalamu. Katibu alimpa.

Kabla hajaandika herufi ya kwanza, Drocella aliinuka kidogo kwenye ndoo yake.

"Papa Prezida, usijitingishe. Iko moya inapanda ku kola yako."

Mwenyekiti alisema huo ni ujanja wa kuchelewesha kazi. Mzee Twahiru alivaa miwani, akasogea, akaitazama kola kwa muda, akasema, "Prezida, anasema kweli. Tena imeshiba." Kwa kuwa hakuwa na kitu kingine mkononi, alimtoa mdudu kwa barua na kumminya juu ya barua hiyo hiyo, na doa likabaki pale pale palipoachwa kwa ajili ya sahihi.

Wa pili alionekana akitoka kwenye mshono wa mto ambao Mwenyekiti alikuwa ameuegemea. Mwenyekiti alisimama kwa kasi ambayo chama hakijaiona tangu achaguliwe. Katibu alikwenda kuchukua mkasi nyumbani kwake, akafumua pembe ya mto mbele ya wote. Katibu hataandika walikuwa wangapi. Inatosha kuandika kwamba kikao kilihamia uani bila mtu kupendekeza wala kuunga mkono, na kwamba Drocella alisogeza ndoo yake ili watu wapite.

KUMB. NA. 5/03/2025: DAWA ZINAZOTUMIKA KATIKA KILA MLANGO

Uani watu walisimama. Niyonshuti aliomba kuuliza swali moja: ukiacha mlango na. 4 na wa Harelimana, nani mwingine ana kunguni nyumbani?

Mama Mukabera aliangalia nguo zilizoanikwa.

Niyonshuti alisema basi abadilishe swali. Aliuliza kwa nini milango hii yote inanukia, kila mmoja kwa namna yake, mpaka mgeni akifumba macho anaweza kujua amefika kwa nani.

Mzee Twahiru ndiye aliyeanza. Alikiri kwamba huchoma ubani na karafuu chini ya kitanda. Mama Mukabera alikumbusha kwamba alikuwa amewaambia majirani ubani ule ni wa Ramadhani, ilhali moshi ulianza Januari. Mzee Twahiru alijibu kwamba mwaka huu alijiandaa mapema. Watu walicheka, na yeye mwenyewe akacheka, na kuanzia hapo mambo yakawa mepesi.

Mama Mukabera alikiri kwamba majani ya mikaratusi aliyojaza chini ya godoro hayakuwa ya kifua. Mwenyekiti alikiri kwamba mafuta ya mchaichai hayakuwa ya magoti. Huyapaka kwenye miguu ya kitanda kila Ijumaa. Katibu alikiri kwamba vidonge vya naftalini alivyowaambia wateja ni vya kulinda vitambaa vyao viko ndani ya foronya yake, na kwamba kwa miezi miwili amelala na kichwa kinamuuma. Kwa niaba ya Harelimana hapakuhitajika maelezo.

Ilibainika kwamba kila mlango ulificha kwa sababu moja. Kunguni ni aibu, na katika safu hii hakuna anayetaka kutajwa kwanza.

Niyonshuti alieleza hivi. Harufu kali, iwe ya ubani, ya mikaratusi au ya mchaichai, haiui kunguni. Humsumbua akahama kidogo, na harufu ikiisha hurudi. Kisha alinyoosha kidole juu. Nyumba zote sita zina paa moja na dari moja la mikeka, na juu ya kuta hakuna kizuizi. Mzee Twahiru akichoma ubani siku ya Alhamisi, wadudu hupita juu ya dari kwenda kwa jirani. Harelimana alipopuliza yake Jumatatu, walihama pia. Na mlango ulio kati ya hao wawili, ambao mwenyewe hutumia maji ya moto na sabuni tu bila harufu yoyote, ni na. 4.

"Nyinyi munafukuza," alisema Niyonshuti, "na Maman Drocella anapokea. Munatuma wageni kwake, kiisha munamuuliza sababu gani iko na wageni."

Mwenyekiti alikohoa. Drocella alifunga kanga yake upya, akakaa tena kwenye ndoo.

KUMB. NA. 6/03/2025: DAFTARI LA KUAZIMA MITO

Mama Mukabera aliuliza kama hivyo ndivyo, wale wa kwanza walitoka wapi, maana magunia ya Drocella bado yapo. Swali lilikuwa halali. Mwenyekiti alimwagiza Katibu alete daftari la kuazima, kwa kuwa mito ya chama huenda kwa kila mwenye wageni, wa posa au wa msiba, ili mgeni asikalie ubao mtupu.

Katibu alisoma. Tarehe 21 Desemba mito ilikwenda kwa Mama Mukabera, siku ya posa ya binti yake. Tarehe 4 Januari kwa Mwenyekiti, alipopokea mashemeji. Tarehe 18 Januari kwa Mzee Twahiru, alipofiwa na dada. Tarehe 2 Februari kwa Harelimana, siku ya ubatizo. Kati ya safari hizo mito ilikuwa ikilala kwa Katibu. Kila mwenye mlango alisema kwamba alianza kujikuna wiki moja au mbili baada ya mito kupita kwake.

Mzee Twahiru aliuliza mito ilikwenda lini kwa Drocella.

Katibu alisoma mstari huo polepole: "Tarehe 9 Februari, Drocella aliomba mito kwa ajili ya misa ya kumbukumbu ya marehemu mume wake. Hakupewa, kwa sababu ya magunia."

Katika safu nzima, nyumba pekee ambayo mito haikuingia ilikuwa yake. Wageni wake walikaa juu ya ubao. Jambo hilo lilieleweka kwa wote kwa wakati mmoja, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Ndipo Katibu alipoomba kusema. Mwenyekiti alimruhusu, akidhani ni suala la tarehe.

Katibu alieleza kwamba mito hiyo aliishona mwenyewe mwezi Desemba. Alieleza kwamba pamba ya ndani hakuinunua. Ilitoka kwenye godoro kuukuu lililotupwa nje ya nyumba moja ya wageni iliyokuwa inafungwa. Alilichana, akajaza mito, na hakuianika pamba juani hata siku moja kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha mfululizo na posa ya binti ilikuwa imekaribia. Chama kilimpongeza kwa ubunifu, na pongezi hizo aliziandika mwenyewe, zipo katika kumbukumbu za Desemba, kwa wino wa rangi mbili.

Kwa hiyo kunguni hawakuvuka daraja lolote. Walitoka mkononi mwa Katibu, na huyo huyo Katibu ndiye aliyeandika barua ya kumwondoa Mama Drocella.

Katibu alitarajia kelele. Alikuwa amejiandaa hata kuambiwa yeye ndiye ahame. Mwenyekiti alisema kwamba hata yeye alipiga makofi Desemba. Mama Mukabera alisema posa ilifana. Mzee Twahiru alisema mabenchi aliyachonga yeye na angeweza kuyachonga vizuri zaidi yasihitaji mito. Katibu hana budi kuandika kwamba wakati huo alilia, na kwamba kilikuwa kilio cha mtu aliyetua gunia alilobeba bila kujua.

KUMB. NA. 7/03/2025: MAAZIMIO

Iliazimiwa kwamba pamba ya mito ichomwe leo hii. Mzee Twahiru aliichoma kwenye shimo la nyuma wakati kikao kikiendelea, na ilinuka vibaya, lakini hakuna aliyelalamika. Vitambaa vitachemshwa.

Iliazimiwa kwamba Jumamosi tarehe 22 Machi milango yote sita ifunguliwe saa moja asubuhi, kwa pamoja. Magodoro na vitanda vitolewe nje, viwekwe uani. Nguo na mashuka vichemshwe, nyufa za vitanda zimwagiwe maji yanayochemka, magodoro yapigwe na kukaa juani siku nzima, na jua likikosekana zoezi lirudiwe siku ya jua hata kama ni katikati ya wiki. Mzee Twahiru ataziba nyufa za vitanda na za kuta, na atafunga juu ya kuta pale dari linapopita, ili kila nyumba ibaki na wadudu wake kama wapo. Wiki mbili baadaye kazi yote itarudiwa, kwa ajili ya mayai.

Kuhusu dawa za kufukuza, mjadala ulikuwa mkali kidogo, kwa sababu kila mmoja alitetea harufu yake. Mwenyekiti alisema mchaichai ndio wa kisasa. Mama Mukabera alisema mikaratusi ilikuwapo kabla ya mchaichai wa Mwenyekiti. Niyonshuti aliamua kwamba zote zinaruhusiwa kwa sharti moja: zitumike baada ya usafi, si badala yake, na zitumike kwenye milango yote sita saa ile ile, ili mdudu asipate jirani wa kumkimbilia. Naftalini itoke kwenye foronya ya Katibu leo. Dawa ya kahawa irudi Giheke.

Iliazimiwa pia kwamba atakayeona kunguni atasema siku hiyo hiyo, na hatachekwa. Mama Mukabera aliomba neno "hatachekwa" liandikwe mara mbili. Hatachekwa.

KUMB. NA. 8/03/2025: MENGINEYO

Mwenyekiti aliichukua barua yenye doa, akaikunja, akasema imefutwa. Alimwomba radhi Mama Drocella kwa niaba ya chama. Mama Drocella alimuuliza kama yeye mwenyewe hana radhi ya kuomba, au ni ya chama tu. Mwenyekiti aliomba na ya kwake. Katibu aliomba ya kwake bila kuulizwa.

Mama Drocella alisema amesikia. Alisema tangu barua itajwe watoto wake wamekuwa wakilala na mifuko ya shule imefungwa, na leo atawaambia waifungue. Kisha alisema ana ombi moja, na likikubaliwa hana neno na mtu:

"Ile barua muliandika na mukono muzuri sana. Sasa ule ule mukono uandike kama nabakia. Na uandike wapi nilikuwa nimeikala, inje, ku ndoo."

Ombi lilikubaliwa na wote.

Kwa hiyo inaandikwa, kwa mkono ule ule: Mama Drocella anabaki katika mlango na. 4, yeye na watoto wake. Sentensi ya tarehe 23 Februari, iliyosomwa leo katika KUMB. NA. 2, isemayo "imethibitika", haikuthibitika na imefutwa. Nakala ya ukurasa huu itatumwa kwa Bwana Muhigirwa kesho, badala ya barua.

Katibu alipendekeza jina la Mama Drocella lihamishwe, pale mwanzo wa kumbukumbu hizi, liwekwe pamoja na waliohudhuria. Mama Drocella alikataa. Alisema paachwe vile vile, na ndoo ibaki, ili atakayesoma aone. Katibu ameacha.

Mabenchi yaliletwa uani yakiwa matupu, bila mito. Wajumbe walikaa kwenye ubao. Katibu alisogea, na Mama Drocella akaja kukaa kati yake na Mwenyekiti. Ndoo yake ilichukuliwa na Mzee Twahiru, akaijaza maji na kuuzima moto wa pamba.

Kikao kilimalizika saa kumi na moja na nusu, mapema kiasi cha Mzee Twahiru kuwahi futari yake, na kikombe chake cha chai ya tangawizi kilihifadhiwa na Mama Drocella.

Sahihi:

Rutayisire, Mwenyekiti ....................

Umuhire Bella, Katibu ....................

Amesomewa yote na kuridhika: Drocella, mlango na. 4 ....................